Wenye vyumba vya sauna Tabora, jiko la mkaa litoke nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenye saluni, nyumba za wageni na gym za hapa Tabora, na zaidi niseme na wateja wao. Neno "sauna" siku hizi linabandikwa kwenye mlango wa chumba chochote chenye joto. Kuna chumba cha mbao chenye jiko la mawe, kuna chumba cha vigae kilichojaa mvuke, kuna kibanda cha miale ya joto, na kuna stoo iliyozibwa dirisha ikawekwa jiko la mkaa na sufuria ya majani. Vyote vinne vinaitwa sauna na vyote vinatozwa hela. Mwili hauvipokei kwa namna moja, na hicho cha mwisho kinaua.

Mkulima wa Urambo, Sikonge au Kaliua atanielewa upesi, kwa sababu bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku ya mvuke, linafuata kanuni ileile. Moto unakaa kwenye tanuru, moshi unapita ndani ya mabomba mpaka kwenye dohani, na jani linapata joto tupu. Siku za kwanza, jani linapogeuka manjano, joto huwekwa kama nyuzi 35 hadi 40 na matundu ya hewa hufungwa ili unyevu ubaki. Baadaye matundu hufunguliwa, unyevu ukatoka, ndipo joto likapandishwa hadi karibu nyuzi 70 kukausha vikonyo. Anayepandisha joto kabla ya kutoa unyevu anaivisha tumbaku badala ya kuikausha. Ngozi ya binadamu nayo iko hivyo hivyo: swali si nyuzi ngapi tu, ni nyuzi ngapi na unyevu kiasi gani.

Sauna yenyewe hasa ni ya Finland, nchi ya watu wapatao milioni 5.5 yenye sauna zipatazo milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi. Chumba ni cha mbao, joto ni nyuzi 80 hadi 100 usawa wa kichwa cha aliyekaa benchi la juu, na unyevu ni asilimia 10 hadi 20. Mtu anavumilia nyuzi 90 kwa kuwa hewa ni kavu. Jasho linakauka kila linapotoka na kuondoka na joto la mwili. Maji humwagwa juu ya mawe kwa kata, kiasi cha glasi moja kwa wakati. Mvuke ukipanda, ngozi inahisi kama imepigwa na joto jipya, ingawa kipimajoto hakijasogea. Sababu ni kwamba mvuke unageuka maji juu ya ngozi na kuliacha joto lake hapo. Anayemwaga ndoo nzima anawababua wenzake na kuyapasua mawe.

Chumba cha mvuke kina nyuzi 40 hadi 50 tu, lakini unyevu unakaribia asilimia 100. Hicho ni ndugu wa hamamu, yaani bafu la umma la joto, ambayo Waswahili waliijua zamani. Hamamni ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilijengwa enzi za Sultani Barghash. Mtu akisoma nyuzi 45 anadhani ni mchezo. Mle jasho halikauki hata tone, kwa hiyo mwili unapokea joto bila njia ya kulitoa, na dakika 10 hadi 15 zinatosha. Mjenzi aangalie dari: likiwa bapa, matone ya moto yanadondokea watu mgongoni, liwe na mwinuko ili maji yateremkie ukutani. Vigae visuguliwe kila siku, na wateja wavae kandambili, maana fangasi wa miguu wanastawi mle.

Kibanda cha miale ya joto kinakwenda nyuzi 45 hadi 60. Hakipashi hewa sana bali kinaipasha ngozi moja kwa moja, kwa hiyo asiyeweza joto kali hukipenda. Japani madaktari wamekitumia kwa wagonjwa wa moyo: nyuzi 60 kwa dakika 15, kisha nusu saa ya kulala umejifunika blanketi, daktari akiwepo. Kibanda cha saluni hakina daktari.

Faida zipo, na ni kubwa za kutosha. Hazihitaji kuongezewa chumvi. Mishipa ya damu inatanuka, mapigo ya moyo yanapanda hadi kati ya 100 na 150 kwa dakika kama mtu anayetembea haraka, na baadaye shinikizo la damu linashuka kwa muda. Misuli iliyokakamaa kwa kubeba au kulima inalegea, na usiku usingizi unakuja mzuri. Watafiti wa Finland, katika ripoti ya mwaka 2015, waliwafuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20. Walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walipata vifo vya ghafla vya moyo kwa asilimia 63 pungufu kuliko walioingia mara moja. Hao walikuwa Wafini wa makamo waliozoea sauna tangu utotoni, na mwenye afya njema ndiye anayeweza kwenda mara nyingi, kwa hiyo mtu asiziache dawa zake za presha kwa ajili ya takwimu hiyo. Matangazo yanayosema sauna "inatoa sumu mwilini" na "inapunguza kilo tatu" yaondolewe. Sumu hutolewa na ini na figo. Kilo iliyopungua ni lita moja ya maji, na itarudi ukinywa maji.

Sasa mkaa, ambao ndio ulionikalisha chini kuandika. Tangu wakati wa korona kupiga nyungu kumezoeleka, na kutoka hapo mtu akafika kwenye wazo la kuweka jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa na kuwaingiza watu watano. Mkaa unaowaka penye hewa haba unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, na inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Majani ya mchaichai na mkaratusi hayaizuii hata kidogo. Wengi huamini kwamba mkaa ukishashika wote ukawa mwekundu, moshi umekwisha na hatari imekwisha. Moshi ndio umekwisha, gesi inaendelea. Ubaya wake zaidi ni kwamba dalili za kwanza, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu wa miguu, ndizo zilezile mtu anazozitarajia kutokana na joto. Basi anasema "ngoja jasho litoke vizuri", anaendelea kukaa, na akija kutaka kusimama miguu haimtii. Akitokea mtu wa hivyo, fungua mlango, mburute nje kwenye hewa safi, zima jiko, mpeleke hospitali akapewe oksijeni, na uwaambie wahudumu wazi kwamba palikuwa na mkaa ndani.

Hata Wafini wenye sauna ya moshi isiyo na dohani hawaingii moto ukiwaka. Wanachoma kuni saa kadhaa mpaka mawe yashike joto, moto unaisha, moshi unatolewa, ndipo watu wanaingia kukaa na joto la mawe peke yake.

Kwa hiyo asiye na umeme wa kutosha afanye kama bani: mdomo wa tanuru uwe nje ya ukuta, bomba la chuma lipite ndani na kutokea juu ya paa. Bomba likae mbali na mbao nusu mita au zaidi, au pajengwe matofali katikati. Likitoboka kwa kutu, chumba kifungwe siku hiyo hiyo. Anayeweka jiko la umeme ahesabu kilowati moja kwa kila mita moja ya ujazo. Chumba cha mita 2 kwa 2, kimo mita 2.1, ni mita za ujazo 8.4, hivyo kinataka jiko la kilowati 8 au 9. Kwa njia moja ya umeme hiyo ni ampea 35 na zaidi. Waya wa soketi wa milimita 2.5 utayeyuka. Afadhali umeme wa njia tatu, laini yake peke yake na swichi yake ya kukata.

Mawe ni shida ya hapa kwetu, maana graniti imetuzunguka kila upande, nayo ina chembe za kwatzi zinazoimeng'enya haraka kwenye joto. Mawe ya mtoni ndiyo mabaya zaidi, maji yaliyojificha ndani huyapasua kwa kishindo. Tafuta jiwe jeusi, zito, lisilo na mistari myeupe. Lipashe motoni nje, limwagie maji ukiwa mbali, likipoa ligonge kwa nyundo, likimomonyoka litupe. Mbao zisiwe na dawa wala vanishi, na vichwa vya misumari vizamishwe ndani ya ubao, kwa sababu msumari kwenye nyuzi 90 unachoma kama pasi. Mkurungu na mbao nyingine nzito hudumu lakini hushika joto, basi mteja akalie taulo. Tundu la kuingiza hewa, sentimita 10 kwa 10, liwe chini karibu na jiko, na la kutolea liwe ukuta wa mkabala.

Mteja anywe glasi mbili za maji kabla. Dakika 8 hadi 12 zinatosha kwa mzunguko wa kwanza, kisha nje dakika 10, aoge maji ya kawaida, arudi akitaka. Oktoba, hewa ya nje ya Tabora ikiwa zaidi ya nyuzi 30, kupoa kunachelewa. Mapumziko yawe marefu zaidi. Pombe isikaribie kabisa. Mjamzito asiingie, wala mwenye homa, kwani joto halitibu malaria bali linaongeza homa juu ya homa. Mwenye selimundu akae mbali, upungufu wa maji unamwamshia maumivu. Anayechoma insulini ajue kwamba joto huiharakisha dawa na sukari inaweza kushuka ghafla. Mwanamume anayetafuta mtoto apumzike na sauna miezi kadhaa, joto hupunguza mbegu.

Wala isiwe mashindano ya nani atakaa zaidi. Mjini Heinola, Finland, mwaka 2010, shindano la dunia la kukaa sauna lilifanyika kwenye nyuzi 110 huku maji yakimwagwa kila nusu dakika. Mshindani wa Urusi alifariki, Mfini aliyekuwa naye akaungua vibaya, na shindano hilo likafutwa.

Mlango ufungukie nje, usiwe na komeo wala kitasa cha kukwama, usukumwe tu kwa mkono hata na aliyelegea. Kipimajoto kitundikwe usawa wa kichwa, saa ya ukutani ionekane kutoka benchini, na mhudumu agonge mlango kila dakika 10 na kusubiri ajibiwe.

Wako,
Fundi wa majiko na mabani,
Ng'ambo, Tabora