Barua kwa mwanangu kuhusu nyumba ya Dubai

Lubumbashi, Machi 2026

Mwanangu Ilunga,

Nimepokea karatasi za mkataba ulizonitumia pamoja na picha za jengo, nami nimezisoma zote mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kushika kalamu. Ninaelewa kwa nini jambo hili limekukaa moyoni. Mtu ambaye mwaka jana aliona malori ya kazini kwake yamelala Kolwezi baada ya serikali kusimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi tarehe 22 Februari, kisha akaona franka ikipanda ghafla na dola za mshahara wake zikinunua vitu vichache zaidi sokoni, ana haki ya kutaka sehemu ya mali yake ikae mahali pengine. Sikulaumu kwa hilo, wala sitakuambia kwamba fedha zako zote ziishie katika malupango, yaani viwanja, ya hapa kwetu. Ninachokipinga ni namna hii ya kununua, na nitakueleza kwa urefu kwa sababu fedha hizi ni za wajukuu zangu pia.

Mkataba unasema bei ni dirhamu 900,000, karibu dola 245,000, kwa nyumba ambayo bado iko kwenye ramani. Utalipa asilimia 20 siku ya kutia sahihi, asilimia 40 kwa awamu wakati jengo linajengwa, na asilimia 40 iliyobaki siku ya kukabidhiwa funguo. Dalali aliyewakusanya hotelini alizisifu sana awamu hizo, lakini katika maelezo uliyoniandikia sikuona mahali alipotaja yanayompata mnunuzi anayeshindwa kuzilipa. Kwa sheria ya Dubai, mnunuzi wa namna hiyo hupewa notisi ya siku 30 kupitia Idara ya Ardhi, na muda huo ukipita kampuni inayojenga inaweza kuvunja mkataba. Ujenzi ukiwa umevuka asilimia 60, kampuni inaruhusiwa kubakiza hadi asilimia 40 ya bei ya nyumba. Tazama vizuri, baba: asilimia 40 ya bei yote, si ya kile ulichokwisha kulipa. Ikiwa umelipa nusu, yaani dirhamu 450,000, wanaweza kushika 360,000 na kukurudishia 90,000. Ikiwa umelipa asilimia 40 tu, hurudishiwi hata senti moja.

Sasa nakuuliza: awamu hizo utazilipa kwa fedha gani? Utazilipa kwa mshahara wa hapa hapa, ambao unatoka kwenye shaba na kobalti. Mwaka 2008 ulikuwa bado mwanafunzi, kwa hiyo huenda hukumbuki jinsi mambo yalivyokwenda. Mwezi wa Julai tani moja ya shaba iliuzwa kwa zaidi ya dola 8,000, na ilipofika Desemba ilikuwa chini ya dola 3,000. Katanga nzima ilitikisika: tanuru zilizimwa, kampuni zilizokuja kwa kelele ziliondoka kimya kimya, maelfu ya baba za watu wakabaki bila kazi, na wapangaji wakaanza kuwakimbia wenye nyumba usiku. Katika majira yale yale bei za nyumba za Dubai zilianza kuporomoka, zikapoteza kama nusu ya thamani yake, miradi mingi ikasimama, na Novemba 2009 kampuni ya serikali yao, Dubai World, ikawaomba wadai wake waisubiri. Mtu wa Lubumbashi mwenye awamu za Dubai wakati ule angepoteza mshahara na nyumba kwa pigo moja, wala asingempata wa kumwuzia mkataba wake, kwa kuwa kila mtu alikuwa anauza.

Watu husema kwamba mali ikikaa mbali hatari inagawanyika. Ni kweli kwa vita, kwa uporaji kama ule wa 1991, na kwa noti kama ile zaire mpya ya 1993 iliyochukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Si kweli kwa mdororo wa dunia nzima, kwa sababu anayenunua shaba yetu na anayenunua nyumba za Dubai wote hutegemea mikopo, na mikopo ikikauka huwakaukia wote. Nyumba iliyokwisha kulipwa hupita katika mwaka mbaya ikiwa na mpangaji au bila mpangaji. Nyumba ya awamu haimsubiri mtu.

Sitaki kuisema Dubai vibaya kupita haki. Kwa mtu anayepokea dola, dirhamu ni fedha tulivu, maana tangu 1997 imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725. Linganisha na Afrika Kusini, ambako watu wengi wa mji huu wanapenda kununua: mwaka 2011 dola moja ilikuwa karibu randi 7, na mwaka 2023 ilizidi 18. Nyumba iliyonunuliwa kwa randi 700,000, ambazo zilikuwa kama dola 100,000, hata ingeuzwa kwa randi 1,300,000 baada ya miaka hiyo, mwenyewe angerudi nyumbani na dola 70,000 akidhani amepata faida. Kwa upande huo chaguo lako lina busara kuliko la wenzako wengi.

Lakini kuna karatasi moja ambayo imenitia wasiwasi kuliko zote, nayo ni ile ya malipo ya kuweka nafasi. Sheria namba 8 ya 2007 ya huko inataka fedha za wanunuzi wa nyumba zisizokamilika ziingie katika akaunti ya amana ya mradi wenyewe, ambayo kampuni haiwezi kuichota ipendavyo. Karatasi uliyopewa ina jina la ofisi ya dalali na namba ya akaunti ya ofisi hiyo. Jina la mradi halionekani kwenye mstari wa akaunti. Usitume hata dola moja huko. Mradi ulioandikishwa hutafutwa kwenye kumbukumbu za Idara ya Ardhi, na hapo huonekana akaunti yake na kiasi cha ujenzi kilichofikiwa.

Kumbuka pia kwamba kule utakuwa mgeni. Sisi wa Lubumbashi tunajua sheria inavyomtazama mgeni mwenye mali, kwa sababu tuliwaona Wagiriki na Wareno wakipokonywa maduka na majumba baada ya hotuba ya Rais Mobutu ya Novemba 30, 1973, na mpaka leo sheria yetu ya ardhi ya mwaka ule ule inampa Mkongomani haki ya kudumu, huku mgeni akipewa miaka 25 inayoweza kuongezwa. Dubai inawaruhusu wageni kumiliki katika maeneo yaliyotengwa tu, chini ya Sheria namba 7 ya 2006. Uhakikishe jengo lako limo ndani ya maeneo hayo.

Gharama nyingine nazipitia upesi. Kuandikisha ni asilimia 4 ya bei, karibu dola 9,800 kwako. Ada ya kutunza jengo hulipwa kila mwaka, mpangaji awepo asiwepo. Benki ya huko itakuuliza fedha zimetoka wapi, hasa kwa kuwa nchi yetu iliingizwa Oktoba 2022 katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kuhusu utakatishaji wa fedha, kwa hiyo tunza hati zako za mshahara na za benki tangu sasa.

Pendekezo langu ni hili. Awamu uliyokuwa uilipe Dubai, iweke kila mwezi kwenye akaunti yako ya dola kwa mwaka mzima, hata miezi ambayo mgao wa kobalti utapunguza safari za malori. Serikali imepanga tani 96,600 tu za kuuzwa nje kwa mwaka 2026, na vivyo hivyo kwa 2027. Ukiweza kuifuata bila kukopa kwa mtu na bila kugusa ada za shule, basi tafuta chumba kimoja kilichokwisha kujengwa, kidogo kuliko hiki, ulipe chote na upokee hati ya umiliki yenye jina lako. Siku hiyo hiyo uandikishe wosia kwenye mahakama za DIFC, kituo cha kimataifa cha fedha cha Dubai, ambazo tangu 2015 zinapokea wosia za wasio Waislamu, ili watoto wasije wakahangaika kati ya sheria mbili na wajomba wengi.

Jumapili mkija kula, njoo na mkataba wenyewe na karatasi ya benki, usitie sahihi kabla ya hapo. Mkeo naye aketi nasi tunapozungumza, kwa maana nimetafuta jina lake katika kurasa zote na sikuliona, na ningependa kusikia kutoka kwake kama anajua kiasi gani cha fedha za nyumba yenu kinakwenda huko.

Mama yako