Ukija kununua laptopu ya kuhariri video, njoo na kadi ya kamera

Swali linaloingia sana dukani kwetu, ana kwa ana na kwa WhatsApp, ni hili: "Kaka, mashine gani kali ya kuediti?" Wapo wanaotuona hatujui biashara, maana badala ya kutaja jina na bei tunarudisha swali: unapigia kamera gani, na kadi yake umekuja nayo?

Aliyetufundisha kuuliza hivyo ni kijana mmoja anayepiga harusi na sendofu. Alikuja na laptopu ya magemu, mpya kabisa, aliyoinunua kwingine: kadi ya grafiki Nvidia RTX 4060, taa za rangi kwenye kibodi, uzito wa tofali. Kila video aliyoiweka kwenye programu ya kuhariri ilisuasua, sauti mbele picha nyuma. Akaambiwa tatizo ni RAM. Akaongeza, ikabaki vilevile. Akaambiwa ni virusi. Ikapigwa Windows upya. Alifika kwetu akiwa na harusi mbili hajakabidhi, na mama wa bibi harusi anapiga simu kila jioni.

Tukaomba kadi ya kamera. Alikuwa na Sony A7 IV, nayo ameiseti irekodi H.265 (njia ya kukandamiza video), biti 10 na 4:2:2 (vipimo vya wingi wa rangi inayohifadhiwa). Ugonjwa ulikuwa hapo. Video ya aina hiyo hukandamizwa sana ili ienee kwenye kadi. Ukiicheza au kuikata, kompyuta inalazimika kuikunjua fremu baada ya fremu, papo hapo, na kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na sehemu maalumu ndani ya chipu. Kadi za Nvidia za mfululizo wa RTX 40 hazina sehemu ya kukunjua 4:2:2. Nvidia waliiweka kwenye mfululizo wa RTX 50, mwaka 2025. Intel walikuwa nayo ndani ya prosesa zao tangu kizazi cha 11. Prosesa ya kijana huyu haikuwa nayo, kwa hiyo mzigo wote ulibebwa kwa nguvu za mikono, na ile kadi aliyoilipia imekaa tu inatazama.

Hatukumuuzia kitu siku hiyo. Tulimwonyesha jinsi ya kutengeneza nakala nyepesi za video za kuhariria, zile wenyewe wanaziita proksi, na tukamwambia kwa kazi zijazo ashushe kamera hadi 4:2:0. Rangi ya biti 10 inabaki, na kwa harusi hakuna shangazi atakayeona tofauti.

Tunaisimulia kwa sababu mashine yake haikuwa mbovu. Ilikuwa nzuri kwa mtu mwingine.

MacBook Pro ya inchi 14, tuipime

Kwa watu wa picha na video, mashine tunayoulizwa zaidi ni MacBook Pro ya inchi 14, hasa ile ya kwanza yenye chipu ya M1 Pro, iliyotoka Oktoba 2021. Marekani ilianzia dola 1,999. Sasa zinaingia Kariakoo zikiwa zimetumika, nyingi zikipitia Dubai, na bei imeshuka hadi mpiga picha anayejipanga anaweza kuifikia bila kuuza lenzi. Tunaziuza sisi pia, kwa hiyo soma ukijua hilo.

Jaribio la kwanza ni kadi yako. Mashine hii ina tundu la kadi ya SD ubavuni, upande wa kulia, na HDMI upande huohuo. Apple waliviondoa vyote viwili mwaka 2016, watu wakaishi miaka mitano na adapta zinazopotea kila wiki, kisha vikarudi. Ukichomeka kadi yenye ile 4:2:2 iliyomtesa kijana wa harusi, inacheza, kwa kuwa sehemu ya video ndani ya chipu inaijua, na inaijua ProRes pia, aina ya video ya Apple wenyewe. Weka video za kamera mbili kwenye mstari mmoja wa kuhariri (timeline), ongeza rangi, buruta mshale mbele na nyuma. Usituulize sisi kama inakwenda. Jionee mwenyewe.

Jaribio la pili: chomoa chaja. Hili ndilo tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo linalofanana na maisha yetu. Umeme unakatika saa tatu usiku, video imefika asilimia 60, jenereta la jirani halikuhusu. Laptopu nyingi zenye kadi kubwa ya grafiki hushusha nguvu zikiwa kwenye betri, tena kwa kiasi cha kuumiza. MacBook hii inafanya kazi kwa kasi karibu ileile, ikiwa na waya au haina.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi kuhusu kadi za Nvidia za laptopu. Jina halitoshi. RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa umeme wa wati 35 au wa wati 115, kwa uamuzi wa kampuni iliyoitengeneza hiyo laptopu. Mbili zina stika ileile, moja nyembamba na nyingine nene, na moja inaiacha nyingine mbali. Ukiuliza, uliza wati.

Betri ya MacBook hii ya inchi 14 ina ujazo wa Wh (wati-saa) 70. Ikiwa imetumika, fungua taarifa za mfumo, sehemu ya umeme, utazame imezunguka mara ngapi (kutumia chaji nzima ni mzunguko mmoja). Apple wameitengeneza ifike mizunguko 1,000. Iliyofika 200 au 300 ni mzee wa makamo mwenye afya. Iliyofika 900, weka bei ya betri mpya kwenye hesabu kabla hujaanza kushukuru punguzo. Na betri mbadala ya bei chee usiikubali hata ukipewa bure. Tumeshafungua nyingi zilizovimba hadi zikainua padi ya kipanya.

Kioo

Kioo chake ndicho sababu ya nusu ya bei. Pikseli 3024 kwa 1964, taa ndogondogo za mini-LED nyuma, rangi pana za P3 (nyingi kuliko za vioo vya kawaida). Kwa kazi ya kawaida mwanga wake hufika niti 500 (niti ni kipimo cha ung'avu wa kioo), ambazo zinakutosha kwenye baraza lenye kivuli, si juani Coco Beach. Video za HDR, zile zenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, ndizo zinazopanda hadi niti 1,000 na kuzidi. Ukiweka herufi nyeupe kwenye weusi mtupu utaona kama ukungu umezizunguka. Ndivyo mini-LED ilivyo, si ubovu.

Ila kioo kizuri kina fitina yake, na wapiga picha wanaochapa albamu wanaijua bila kujua jina lake. "Kwenye laptopu picha inang'aa, nikienda kuchapa inatoka nyeusi." Maabara inalaumiwa, karatasi inalaumiwa, fundi wa mashine anagombezwa. Ukweli ni kwamba umehariri mwanga ukiwa mwisho kabisa, jicho likadhani picha ina nuru ya kutosha, kumbe nuru ilikuwa ya kioo. Ushushe hadi karatasi nyeupe uliyoishika pembeni ifanane na weupe wa skrini. Na uzime True Tone na Night Shift unapogusa rangi. Zote mbili hubadilisha weupe wa kioo kimyakimya. Ngozi ya bibi harusi itabadilika bila wewe kuigusa.

Kioo hiki kikipasuka hakibandiki. Hubadilishwa kifuniko chote, na gharama yake inaweza kununua laptopu ya mwanafunzi. Vile vifuniko vidogo vya kamera vinavyouzwa barabarani, vya kusogeza, visikae juu yake: nafasi kati ya kioo na kibodi ni nyembamba mno, na Apple wenyewe walitoa onyo hilo mwaka 2020. Tumewapokea watatu waliopasua hivyo. Wote walikuwa wanajikinga wasichunguzwe.

RAM, na kwa nini hatuongezi

Kila wiki mtu anatuletea MacBook ya chipu ya M anataka RAM iongezwe. Haiongezeki. Imeunganishwa na chipu yenyewe kiwandani, na hifadhi nayo imechomelewa kwenye bodi. Unachonunua leo ndicho utakachozeeka nacho. Zote za inchi 14 za M1 Pro zinaanzia GB 16, na kwa harusi za 4K hizo zinatosha. MacBook Air ya M1 ya 2020 inaanzia GB 8 na haina feni kabisa. Kwa picha za Lightroom, programu ya kuhariri picha, ni mashine tamu, nyepesi, kilo 1.29. Kwa kutoa video ya saa mbili itapata joto na kupunguza mwendo, na chumba kisicho na kiyoyozi cha Dar kinaisaidia kuchoka.

Kwa hifadhi usihangaike sana. Nunua ya GB 512, na kazi ziwekwe kwenye SSD ya nje. Kuna jambo dogo litakalokuudhi: mteja akikuletea diski yake kutoka Windows, mara nyingi imefomatiwa NTFS, mpangilio wa Windows, na Mac huisoma tu, haiandiki. Utamtafuta mwenye Windows mtaani. Diski zako mwenyewe zifomati exFAT, inayokubalika kote kuwili.

Wasioihitaji

Anayechora ramani za nyumba asipoteze nauli. Revit na 3ds Max ni za Windows tu, na kwenye Mac za chipu ya M ule ujanja wa zamani wa kuweka Windows pembeni kwa Boot Camp haupo tena. Anayefanya 3D kwenye Blender, yeye ndiye mwenye haki na Nvidia. Ile laptopu ya kijana wetu ingemfaa sana. Mtu wa mabango na kadi za mialiko anayepeleka faili za CorelDRAW kwa wachapaji aanze kwa kuuliza mchapaji wake anatumia toleo gani. Watayarishaji wa muziki wanaokariri kwamba FL Studio haiendi kwenye Mac, habari hiyo imepitwa tangu 2018.

Na anayetengeneza nembo na posta za Instagram? Laptopu ya nusu ya bei itamfikisha. Tumewaambia hivyo wateja usoni, na wengine wamekwenda kununua MacBook kwa jirani. Sawa tu, heshima ya kuonekana nayo kwa mteja nayo ni matumizi, ila isiitwe hitaji la kazi.

Ya kutumika: mahali tulipopigwa

Tulinunua mzigo wa MacBook zilizotumika, safi, boksi zake, bei ya kufurahisha. Tukaziwasha, zikawaka, tukalipa. Wa kwanza kununua aliifuta ili aanze upya, akaiunganisha na intaneti, ikamletea ujumbe kwamba mashine hii inasimamiwa na kampuni ya nchi za mbali. Ilikuwa ya mfanyakazi. Kampuni haikuwa imeiachia, na hakuna fundi mwaminifu anayeweza kuiachia kwa niaba yake. Tulimrudishia mteja hela yake yote; aliyetuuzia sisi simu yake haikupatikana tena.

Tangu hapo, yetu au ya duka lolote, haitoki mezani bila kufutwa mbele ya mnunuzi, kuunganishwa na intaneti, na kupita hatua zote hadi kwenye dawati tupu. Dakika zinakwenda, ndiyo. Kaa. Ikiomba akaunti ya iCloud ya mtu usiyemjua, inuka uondoke, hata kama muuzaji anasema ni ya mdogo wake.

MacBook Pro za 2016 hadi 2018, na karibu zote za 2019, ziache hata kama bei inachekesha. Kibodi zao nyembamba hukwama kwa punje ya vumbi, na vumbi hatulikosi. Tena ni za Intel, na Apple walishatangaza kwamba macOS (mfumo endeshi wa Mac) ya 2025, Tahoe, ndiyo ya mwisho kwa Intel.

Ukija, njoo asubuhi kabla ya saa nne, meza ikiwa bado tupu. Beba kadi yenye kazi yako mbaya kuliko zote: ukumbi wenye giza, taa za disko, watu wanacheza, kamera mbili. Tutakupa mashine, kiti na saa nzima. Chaja tutabaki nayo sisi.