Tusiwaachie wanafunzi benki ya damu

Ndugu Mhariri,

Mwezi wa sita shule zinafungwa, na mwezi wa kumi na mbili zinafungwa tena. Kwa wengi wetu hapa Mwanza hiyo ni habari ya nauli za watoto na msongamano wa stendi ya Nyegezi. Kwa wanaokusanya damu, ni kwamba wachangiaji wao wakubwa wamekwenda likizo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya hiari nchini imetoka kwa wanafunzi, wale wa kidato cha tano na sita na wa vyuo, waliokwisha kutimiza miaka 18. Gari la damu salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, linaingia shuleni asubuhi, mwalimu anatangaza mstarini, na mchana gari linaondoka na chupa za damu. Likizo ikianza hakuna mstari wa kutangazia.

Sasa iangalie kalenda hiyohiyo ukiwa wodi ya watoto. Huku kwetu masika huisha mwezi wa tano, na vuli hunyesha kuanzia wa kumi hadi wa kumi na mbili. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na wiki chache baadaye malaria inapanda. Malaria kali huharibu chembe nyekundu za damu, na mtoto mdogo anaweza kuishiwa damu kwa siku chache tu, viganja vikapauka na pumzi ikawa ya kukimbizana. Kwa maneno mengine, damu inahitajika zaidi wakati uleule ambao watoaji wako makwao Geita, Sengerema na Ukerewe wanawasaidia wazazi shamba. Ongeza akina mama wanaotokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, majeruhi wa bodaboda, na watoto wenye selimundu (sikoseli), ambao Kanda ya Ziwa inao wengi kuliko sehemu nyingi za nchi.

Na damu haikai. Chembe nyekundu hutunzwa kwenye jokofu siku 35, au 42 zikiwekewa dawa ya kuzihifadhi. Zile za kugandisha damu hukaa siku 5 tu. Kwa hiyo chupa aliyotoa mwanafunzi mwezi wa nne haiwezi kumsubiri mtoto atakayelazwa mwezi wa saba.

Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha kukadiria mahitaji ya chini: chupa 10 kwa mwaka kwa kila watu 1,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu Mwanza zaidi ya watu milioni 3.6, kwa hiyo mkoa wetu peke yake unahitaji zaidi ya chupa 36,000 kila mwaka. Hizo haziwezi kutoka madarasani tu.

Mwanza hatuna uchoyo. Kamati ya harusi ikiundwa ahadi zinamiminika, msiba ukitokea sufuria na turubai vinapatikana kabla hujamaliza kupiga simu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, wenyeji walikuwa wa kwanza kuwafuata watu majini kwa mitumbwi yao. Tatizo letu liko kwenye damu, ambayo tunasubiri mpaka mgonjwa awe wetu. Ndipo usiku simu zinaanza, "una kundi gani wewe?", na katika ukoo mzima mmoja ananyonyesha, wa pili yuko kwenye dozi, wa tatu hajafikisha kilo 50, wa nne hapatikani hewani. Hata akipatikana wa tano, damu yake haitoki mkononi ikaingia moja kwa moja kwa mgonjwa. Lazima ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Itakayomwokoa mgonjwa wa leo ni ile iliyotolewa na mtu asiyemjua, siku kadhaa zilizopita.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na huwa natoa damu. Nieleze kinachotokea, maana naona wanaume wenye vifua vipana ndio wanaoogopa zaidi. Unaulizwa maswali ya afya yako faraghani, unapimwa uzito na presha, unatobolewa kidole. Tone linadondoshwa kwenye kichupa chenye maji ya bluu. Likizama haraka, damu yako ni nzito ya kutosha, na likielea unaambiwa ukale vizuri urudi siku nyingine. Kisha unalala, unapewa kitu cha kuminyaminya mkononi, na kwa kama dakika kumi mfuko unajaa: mililita 450, chini ya nusu lita, wakati mtu mzima ana lita kama tano. Unapumzika, unakunywa soda, unaondoka. Siku hiyo usibebe magunia. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, sisi wanawake baada ya minne. Ukikataliwa siyo aibu, na majibu ya vipimo ni siri yako.

Sisi wa dagaa hatuna hata kisingizio cha muda. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaingii ziwani, kwa kuwa mbalamwezi inazishinda taa zao, na siku zile mzigo ukipungua sokoni tunakaa tunasukana nywele na kusengenya. (Najua watanichukia kwa kuliandika hili.) Vijiwe vya bodaboda navyo vina saa zake za kulala, na vikoba vinakutana kila wiki vikiwa na daftari la mahudhurio tayari. Makanisa na misikiti yana watu mamia mahali pamoja. Kinachotakiwa ni kiongozi mmoja kuwaita watu wa damu salama na kuwahakikishia kwamba watakuta watu wa kutosha. Wiki ya kwanza ya Juni na ya kwanza ya Desemba, shule zikikaribia kufungwa, zinatosha kuanzia.

Sina ubaya na wanaookota plastiki ufukweni wala wanaozibua mitaro ya Mirongo. Waendelee, mji ni wetu sote. Ila kazi hizo hupigwa picha, na damu haina picha nzuri, pengine ndiyo maana inasahaulika.

Kwa wahusika wa ukusanyaji nina ombi. Mwenye meza sokoni hawezi kuiacha Jumanne saa nne asubuhi. Njooni Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada, na mje na mizani pamoja na mtu wa kujibu maswali kwa Kisukuma, kwa sababu bibi zetu ndio wanaowakataza vijana kutoa. Waambieni pia waziwazi kwamba damu haiuzwi, maana uvumi wa chupa kuuzwa umewarudisha wengi nyumbani.

Nawe Mhariri, gazeti lako kila wiki lina msimamo wa ligi na ratiba ya mechi. Naomba pembeni yake nafasi ya vidole viwili tu: timu ya damu itakuwa wapi wiki hii, siku gani, saa ngapi.

Muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza