Barua kwa Mwanangu: Mwongozaji Aliyetoka Katika Safu ya Viola

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeipokea, na baba yako na mimi tunamshukuru Mungu kwamba u mzima na masomo yanaendelea. Umeuliza kama kukaa miaka miwili zaidi katika safu ya viola, ile ala ya nyuzi iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, kama mwalimu wako anavyotaka kabla ya kukukubali katika darasa la kuongoza okestra, si kupoteza wakati. Nimeona nikujibu kwa habari za Pierre Monteux, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1875, kwa kuwa katika waongozaji niliowahi kuwasoma sijaona mwingine ambaye maisha yake ya kazi yanalijibu swali lako waziwazi namna hii.

Monteux alikuwa mpiga viola. Tangu ujana wake alipiga katika okestra ya Folies Bergère, ukumbi wa burudani na dansi, huku akisoma katika Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, ambako mwaka 1896 alipata tuzo ya kwanza ya fidla pamoja na Jacques Thibaud. Baadaye akawa mkuu wa viola katika Opéra-Comique, jumba la opera la Paris, na alikuwa katika kiti hicho mwaka 1902 opera (tamthilia ya kuimbwa) ya mtunzi Debussy, Pelléas et Mélisande, ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Hebu fikiri mangapi huyapata mtu anayekaa katikati ya okestra ya opera kila jioni: humsikia mwimbaji akivuta pumzi kwa kuchelewa, humwona mwongozaji akimngoja au akimwacha, na hujua, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayepaswa kuitii, ishara ipi inamsaidia mpigaji na ipi inamvuruga. Hayo hayapatikani kwa kusimama mbele ya kioo na kijiti.

Ndiyo maana Ballets Russes, kundi la wacheza baleti la Diaghilev, lilipompa kazi, alikuwa tayari. Aliongoza maonyesho ya kwanza ya baleti hizi: Petrushka ya mtunzi Stravinsky mwaka 1911, Daphnis et Chloé ya Ravel mwaka 1912, na tarehe 29 Mei 1913, katika Théâtre des Champs-Élysées, Le Sacre du printemps ya Stravinsky. Siku hiyo watazamaji walizomea na kupiga kelele hata wachezaji jukwaani wakashindwa kuisikia okestra, lakini Monteux hakusimama, akaufikisha muziki mwisho wake. Stravinsky baadaye alimfananisha na mamba kwa jinsi alivyokuwa hatikisiki. Jambo ninaloliheshimu zaidi ni kwamba Monteux hakuupenda muziki ule, na alikiri hivyo. Hata hivyo aliwafundisha wapigaji wake mpaka wakaumudu, kwa kuwa aliamini mtunzi ana haki ya kusikika kama alivyoandika.

Kuanzia hapo alikuwa mtu wa nchi nyingi. Aliongoza opera katika Metropolitan ya New York kati ya 1917 na 1919, kisha akapewa okestra ya Boston, ambako mwaka 1920 wapigaji wapatao 30 waliondoka kwa sababu ya mgomo. Mimi niliyefundisha kwaya ya kanisa najua kinachotokea sauti tatu tu zikikosekana Jumapili. Yeye aliijenga upya okestra nzima, na alipoondoka mwaka 1924 aliiacha imara. Alifanya kazi Amsterdam, Paris, na kwa muda mrefu San Francisco hadi 1952. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 86, London Symphony Orchestra ilimfanya mwongozaji wake mkuu kwa mkataba wa miaka 25. Alifariki mwaka 1964 akiwa bado na cheo hicho.

Katika shule yake ya waongozaji huko Hancock, jimbo la Maine, Marekani, aliwafundisha vijana wasimame wima, wazijue nota zote kabla ya zoezi la kwanza, na wasiongoze kwa ajili ya macho ya watazamaji. Mmoja wa wanafunzi wake ni Neville Marriner, ambaye alikuwa mpiga fidla katika okestra hiyohiyo ya London, na ni Monteux aliyemtia moyo aanze kuongoza. Kwa hiyo mwalimu wako hakuwa anakurudisha nyuma. Amekuweka kwenye njia ambayo wengine wameipita.

Tafuta rekodi ya Daphnis et Chloé ambayo Monteux aliifanya London mwaka 1959, miaka 47 baada ya onyesho la kwanza. Usikilize mara ya kwanza bila kitu mkononi, kisha mara ya pili ukifuata mstari wa viola peke yake kwenye nota, na uniandikie ni wapi uliposikia kitu ambacho ukiwa mbele ya okestra usingekisikia. Mweleze na mwalimu wako kwamba umekubali ile miaka miwili, kama kweli moyo wako umekubali. Kama bado una shaka, niandikie kwanza mimi.

Mama yako akupendaye.