Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana mliotoka Kajulu, Nyalenda, Dunga, Kibos na Ahero,

Nawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliotoka upande wa Nyando huku barabara ikiwa na matope. Katibu amesoma kumbukumbu za mkutano uliopita na hakuna aliyezipinga, kwa hivyo naingia kazini moja kwa moja.

Mwaka huu kamati yenu haikufungua vituo vingi vipya vya mtandao wetu wa jamii, yaani antena na ruta zinazotupitishia intaneti kwa mawimbi. Maombi yalikuwa mengi: shule, makanisa, kikundi cha wavuvi, wakulima wa mpunga wa skimu ya Ahero. Tuliyaweka kando kwa makusudi, kwa sababu tulikuwa na vituo vinavyozimika na karibu navyo hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya. Kituo kikizimika Ahero, simu inapigwa Kisumu mjini. Kijana anaacha kibarua chake, anapanda matatu, anaazima ngazi akifika, kisha anakuta ruta imechomolewa kwenye soketi ili mtu achaji simu. Nauli ni yake na siku imekwenda. Vijana wetu wamefanya hivyo bila kunung'unika, na nasema mbele yenu wote kwamba nawashukuru kwa moyo wangu wote. Lakini hatuwezi kuendelea kuwatumia hivi. Hilo ndilo jambo langu kubwa leo, na nitalirudia nikifika kwenye maazimio.

Kazi iliyotuchukulia muda mrefu kuliko zote ni ile njia ya mawimbi kutoka Kajulu hadi Ahero. Ni karibu kilomita 20, na wageni wakisimama kule kilimani wakaona tambarare ya Kano yote imelala chini yao, hudhani kazi imekwisha. Antena mbili lazima zionane, ni kweli, lakini kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi hayasafiri kama uzi uliovutwa. Yanahitaji nafasi tupu kuuzunguka mstari huo, na kwa masafa ya gigahezi 5.8 tunayotumia, nafasi hiyo katikati ya njia hufikia karibu mita 16 kila upande. Hata ikibaki kilomita moja kufika Ahero, bado ni kama mita 7. Na hapo ndipo palipoota mikaratusi. Ilipopandwa haikuwa shida kwa mtu. Sasa imepanda juu, na majani yake yakilowa mvua kasi inaanguka kabisa.

Wako waliotaka tumwombe mwenye miti aikate. Mimi nilikataa na kamati ikaniunga mkono. Mikaratusi ile ni karo ya watoto wake, na mtandao wa jamii hauwezi kuanza kwa kumpunguzia jirani mapato. Tulikwenda kumwona, akatukaribisha, akatueleza ni lini anatarajia kuvuna. Badala ya kukata tukahamisha antena kwenye mnara wa tangi la maji wa shule iliyo upande wa pili wa barabara, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi. Tangu hapo njia imetulia, hata mvua ikinyesha. Walimu wa shule hiyo sasa wanapakia alama za wanafunzi kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, wakiwa ofisini mwao, bila kununua bando kwa pesa zao.

Jambo la pili ni radi. Sisi wa kando ya ziwa tunaijua tangu utotoni, ila nataka kila mwenye kituo aelewe inavyotuumiza. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu na kukutana na hewa ya nyanda za juu za Nandi na Kericho. Kufikia alasiri mawingu yameshatanda. Usiku mvua hurudi juu ya maji. Ndiyo maana bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Radi haihitaji kuigusa antena yako. Ikipiga mti wa jirani, nguvu yake huingia kwenye waya unaoshuka kutoka mlingotini na kuunguza tundu la ruta linalochomekwa waya. Vifaa vingi tulivyopoteza mwaka huu viliungua hivyo.

Kwa hiyo tumeanza kubadilisha waya za kawaida kwa zile zenye ganda la chuma ndani, kuweka kikinga radi juu na chini, na kufunga mlingoti kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa. Udongo mweusi wa Kano hushika maji, hivyo hupokea umeme vizuri wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi udongo huohuo hupasuka na kuachana na fimbo, kwa hivyo mwenye kituo amwagilie maji pale kabla masika hayajaanza. Kule Kajulu kwenye mawe fimbo haiingii, na tumelazimika kuzika waya mrefu wa shaba kwa mlalo. Kazi hii haijaisha. Mafundi watasoma orodha ya vituo vilivyobaki.

Kuhusu stima, nitasema kidogo tu. Betri za asidi za vituo vyetu zinakufa mapema kwa sababu tunaziacha ziishe kabisa. Zisishuke chini ya nusu. Usiku ruta ibaki, taa na redio zitafute chanzo kingine.

Wanachama kadhaa wameniuliza kwa nini tunaomba mchango ilhali mtandao wetu hautozi. Ni swali la haki. Kutoka kituo hadi kituo hatumlipi mtu yeyote, hewa ni yetu sote na vifaa ni vyetu. Lakini tukitoka nje kwenda intaneti tunanunua kasi kutoka kwa kampuni, kila mwezi, kama kila mtu. Mchango wa wanachama wanaoweza ndio unaolipa hapo, ili dispensari, shule na mama muuza omena wasilipe. Mweka hazina atawaeleza shilingi kwa shilingi.

Njia moja ya kupunguza gharama hiyo ni kuweka karibu vitu vinavyotafutwa kila siku. Kompyuta iliyo Nyalenda sasa ina Wikipedia ya Kiswahili na masomo ya Kolibri, programu ya kujifunzia bila intaneti, na mwanafunzi wa Dunga anavisoma bila kutoka nje ya mtandao wetu. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikayumba. Vilivyo hapa kwetu havitegemei waya wa baharini. Napenda sana kuona kompyuta hiyo ikijazwa mambo ya hapa, kuanzia bei za mpunga hadi ratiba za kliniki.

Upande wa sheria, tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina mwongozo wa leseni kwa mitandao ya jamii kama wetu. Leseni inafuata mipaka ya kaunti ndogo, nasi tumevuka zaidi ya moja, kwa hivyo karatasi ni nyingi kuliko tulivyopenda. Katibu anazishughulikia. Pia kulikuwa na pendekezo kwamba mafundi waweze kuona kurasa ambazo watu wanazifungua. Kamati imelikataa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyetukaribisha juu ya paa lake anastahili kuheshimiwa ndani ya nyumba yake.

Sasa maazimio. Mtandao wa guifi.net ulianza 2004 katika mashamba ya Osona, Catalonia, huko Uhispania, mahali ambapo kampuni hazikuona faida. Leo una makumi ya maelfu ya vituo. Hawakufika huko kwa fundi mmoja hodari anayekimbia huku na huko. Kwetu pia mfano upo. Kituo cha Dunga kinatunzwa na akina mama wawili wanaoishi hatua chache kutoka mlingotini. Wamejifunza kusoma taa za ruta, kupima betri na kubadilisha kichwa cha waya. Hakuna kituo kilichokaa hewani vizuri kama hicho mwaka huu. Erokamano, asanteni, mama zetu.

Kamati inaomba mkutano ukubali mambo mawili. Kila kituo kiwe na watunzaji wawili wanaoweza kukifikia kwa miguu, na angalau mmoja awe mtu asiyetarajia kuhama kwenda chuo au kazini mbali. Na tusifungue kituo kipya, hata kwa rafiki, hata kwa kiongozi, mpaka watunzaji wake wawe wamefunzwa. Mafunzo yatafanyika Ahero siku za Jumamosi, na nauli ya watakaotoka mbali italipwa na chama.

Mweka hazina atasoma hesabu sasa. Akimaliza, kabla ya kura ya viongozi, nitaomba mjumbe wa kila kituo asimame na kutaja majina mawili, katibu ayaandike. Kajulu wataanza.