Barua kwa wajukuu wangu wa mwaka wa kwanza: wekeni simu chini mseme

Wajukuu wangu,

Mwezi uliopita nilipanda matatu Webuye nikashuka Kakamega, nikaingia ukumbi wa chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mjukuu wangu ndiye aliyeniita. Mhadhiri wao wa Stadi za Mawasiliano alikuwa amewaambia kila mmoja alete msikilizaji wa nje siku ya kutoa hotuba. Nilivaa koti, nikafika mapema, nikaketi safu ya pili ili nisikie vizuri. Nilitoka pale jioni na hasira ambayo haijanitoka mpaka leo, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Walisimama wanafunzi kumi na wanne. Kumi na mmoja walisoma. Wengine walisoma simu, wengine walisoma ukuta, maana hotuba nzima ilikuwa imebandikwa kwenye slaidi, nao wakatupa mgongo sisi wageni wakaisoma neno kwa neno kana kwamba hatukufunzwa kusoma. Kijana mmoja, simu ilimzimikia katikati ya sentensi. Akanyamaza. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena, sisi tukimtazama utosi. Hotuba ilikuwa yake, juu ya ugonjwa wa bibi yake, na bila ile simu hakuwa na neno hata moja la kutuambia kumhusu bibi yake. Niliumia.

Lakini aliyeniumiza zaidi ni binti mmoja wa nchi ya miwa. Alisoma, "Sekta ya sukari ni uti wa mgongo wa uchumi wa taifa letu," akaendelea hivyo dakika saba, maneno makubwa yasiyo na mtu ndani. Baadaye nilimkuta nje kwa mama wa mandazi, nikamuuliza kwa nini alichagua mada ile. Akaniambia baba yake ni mkulima wa miwa. Miwa hukomaa kwa miezi kumi na minane hadi ishirini na minne. Ya baba yake ilikaa shambani karibu miaka mitatu ikingoja trekta la kiwanda, ikakauka, ikapoteza maji. Ilipochukuliwa, malipo hayakuja. Kaka yake akaacha shule akaenda kuendesha bodaboda ya mtu. Baba bado ana zile risiti za mizani, amezihifadhi ndani ya Biblia, na kila Jumapili akifungua neno la Mungu anaziona. Binti alisema haya yote amesimama wima, mandazi mkononi, macho yake kwangu, hakukosa neno. Mama wa mandazi aliacha kukaanga akamsikiliza. Nikamuuliza, "Mbona haya hukuyasema kule ndani?" Akaniambia hotuba aliandikiwa na akili bandia kwenye simu, kwa sababu hadithi yake mwenyewe aliiona si ya maana.

Si ya maana! Ni nani aliyemwambia mtoto huyu kwamba risiti za baba yake si hoja?

Hapo nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, baba alinishika mkono tukaenda kusikiliza kumuse. Walio Wabukusu miongoni mwenu mnajua: siku chache baada ya kuzikwa mzee wa heshima, watu huketi asubuhi, na mzee aliyejaliwa kipawa hicho husimama katikati na fimbo yake kuwafariji na kuwaonya. Anatembea akienda akirudi kwenye njia aliyoachiwa, na hakuna wa kukatiza mbele yake. Yule niliyemwona hakuwa na karatasi. Alitaja tulikotoka na tulikopitia, akataja koo moja baada ya nyingine, na ukoo ukitajwa unaona mabega ya wenyewe yakinyanyuka. Kisha akasimama. Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani amesahau. Baba akaninong'oneza, "Anawangoja." Alikuwa akiwangoja watu wafike pale alipokuwa. Walipofika, akashusha sauti, akawakemea wana wa marehemu kwa ajili ya shamba walilokuwa wakiligombania, na watu wazima wakainamisha vichwa.

Tangu siku hiyo najua kunyamaza ni sehemu ya kusema. Na msemaji hawezi kuwangoja watu ambao hawaangalii. Anayesoma simu haoni kama mzee wa safu ya pili amekunja uso kwa kutoelewa. Hawezi kurudia pale palipopotea. Ndiyo maana nasema kusoma mbele ya watu si kusema mbele ya watu, hata sauti ikiwa nzuri namna gani. Andika hotuba yako nyumbani, ndiyo, iandike yote ukitaka. Kisha ifupishe iwe maneno sita au saba kwenye kadi inayoenea kiganjani: "risiti", "Biblia", "kaka", "trekta". Ukiliona neno, sema kinachokuja. Kila ukirudia kitakuja kwa maneno tofauti kidogo, nako ndiko kuongea. Rudia ukiwa umesimama, kwa sauti ya kusikika, si kwa kunong'ona kitandani. Mwambie mwenzako wa chumbani, au muuza mboga, au ng'ombe ukirudi nyumbani. Nilimwagiza mjukuu wangu arudie mara tano, akarudia mara mbili, na ilionekana.

Najua mnaogopa. Hakuna aibu hapo. Ukiitwa jina, mwili unamwaga homoni ya adrenalini, ile ile ya kumkimbia nyoka. Ndiyo maana moyo unadunda, mate yanakauka, karatasi inatetemeka mkononi. Dakika moja au mbili ukishaanza, huwa inatulia. Kwa hiyo zikariri sentensi mbili za mwanzo tu, hizo uzijue hata ukiamshwa usiku, na kabla ya kufungua mdomo toa pumzi polepole. Tafuta uso mmoja wa kirafiki, umwambie yeye kwanza. Basi.

Lakini woga wenu mwingine hautoki mwilini, sisi ndio tuliowapandia, na hapa nawageukia wazazi na walimu wenzangu. Tuliwalea watoto hawa kwa methali za kunyamaza: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mdomo uliponza kichwa. Mtoto akiuliza swali mbele ya wageni, anatumwa akachote maji. Shuleni tuliwavalisha kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Mimi pia nilikivalisha. Nilikuwa mwalimu kijana, niliambiwa ndivyo Kiingereza kinavyofunzwa, na namkumbuka mtoto mmoja wa darasa la tatu ambaye baada ya kibao hakunyoosha mkono tena mwaka mzima. Nilidhani amepata adabu. Leo, kila nikimwona kijana wa miaka kumi na tisa anajificha nyuma ya simu, namkumbuka yule mtoto.

Kisha angalieni mtihani wa kidato cha nne. Katika fasihi simulizi mmefunzwa ulumbi, yaani ustadi wa kusema mbele ya watu. Mmekariri sifa za mlumbi: awe jasiri, awe na ufasaha, ajue utamaduni wa hadhira yake, atumie ishara za uso na mikono. Mkaziandika kwenye Karatasi ya Tatu ya Kiswahili. Kwenye Kiingereza, stadi za kuzungumza zina alama 30 katika karatasi ya kwanza, na zote zinajibiwa kwa kalamu, chumba kizima kikiwa kimya. Kijana anapata alama ya juu katika kuzungumza bila kufungua mdomo! Halafu anafika chuoni, darasa ni la mamia ya watu, mhadhiri hana wakati wa kumsikiliza kila mmoja, basi kazi inakuwa ya kikundi: mmoja anasema, watano wamesimama nyuma yake mikono imefungwa, na wote sita wanapewa alama sawa. Wale watano wamelipa karo ya nini? Ewe uliyesimama nyuma, usifurahi. Kesho mwombe mwenzako akupe dakika mbili za mwanzo.

Na mifano tunayowapa ni mibaya. Nendeni mazishi yoyote huku kwetu Jumamosi. Mjane anapewa dakika mbili, mwanasiasa anashika maiki saa nzima, anapiga kelele, anatukana asiyekuwepo, watu wanapiga makofi. Vijana wanadhani huo ndio ulumbi. Mfano mwema ni Tom Mboya, mwanasiasa wetu wa enzi za kupigania uhuru. Kwao ni Rusinga; alianza kazi kama inspekta wa afya jijini Nairobi, akapanda kupitia mikutano ya vyama vya wafanyakazi, na Desemba 1958, akiwa na miaka 28, alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa Waafrika wote kule Accra. Masomo yake ya ng'ambo yalikuwa mwaka mmoja tu, Ruskin College, Oxford. Watu walimsikiliza kwa sababu alijua hoja yake na alijua waliokuwa mbele yake.

Mengine nayataja kwa haraka, maana mhadhiri wenu atayafafanua. Hotuba moja, jambo moja. Ukishindwa kulisema kwa sentensi moja, bado hujaiva. Mtu anayesema kwa utulivu hutoa kama maneno 120 hadi 150 kwa dakika, hivyo dakika tano hazibebi kurasa kumi. Usitumie dakika nzima kusalimia wakubwa kisha useme itifaki imezingatiwa. Usianze kwa kuomba radhi kwamba hukujiandaa. Maiki isimezwe. Nyinyi mliotoka kwenye tamasha za mashairi, acheni ile mikono ya kufundishwa, inayopaa yote kwa pamoja. Mkono uende neno likiutaka. Slaidi iwe na picha au tarakimu. Mtafundishwa hatua tano za kupanga hotuba ya kushawishi, za Alan Monroe wa Chuo Kikuu cha Purdue, za miaka ya 1930: vuta sikio, onyesha shida, toa suluhisho, mchoree msikilizaji picha, mwambie afanye nini. Mtafundishwa pia mambo matatu ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yaani uaminifu wa msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Ni elimu nzuri, ishikeni. Mkifika hapo mkumbuke yule mzee wa fimbo: alikuwa nayo yote, na baba yangu aliyeketi chini akimsikiliza hakujua kusoma.

Nimezungumza na mjukuu wangu. Likizo ya Desemba atawaleta wenzake kwangu Webuye. Uani kuna mwembe, na viti nitaazima kanisani. Bibi yenu ameshatenga kikapu cha kuwekea simu, kitakaa jikoni mpaka jioni. Kila mmoja atasema dakika tano, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa lugha ya mama yake, juu ya kitu alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Majirani watakuja kusikiliza, na wakichoka watawaambia. Chai itakuwepo. Yule binti wa miwa namtaka awe wa kwanza, na kama baba yake ataridhia, aje na zile risiti.

Babu yenu, mwalimu mstaafu,
Webuye