Barua kwa mwanangu: London hadi Tokyo

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma hesabu yako. Kutoka London hadi Tokyo ni kilomita 9,600 hivi. Umezigawanya kwa mwendo wa ndege, kilomita 900 kwa saa, ukapata pungufu kidogo ya saa 11. Hujakosea. Tiketi nayo inasema karibu saa 14, na haijakosea pia. Nataka ujue tofauti hiyo inatoka wapi kabla hujapanga kikao chako cha kwanza.

Kilomita 9,600 ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ramani ya ukutani haitakuonyesha. Tafuta tufe, uvute uzi toka mji mmoja hadi mwingine, uone unavyopanda mpaka juu ya Skandinavia, ukaingia eneo la Aktiki, kisha ukateremka Siberia hadi Japani. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni anga ya Urusi, na tangu Februari 2022, vita vya Ukraine vilipopamba moto, mashirika ya Uingereza yamefungiwa anga hiyo, na ya Japani yanaikwepa. Wewe utazungushwa kusini: Uturuki, Bahari ya Kaspi, Asia ya Kati, China.

Hayo si mapya. Enzi ya Vita Baridi anga ya Kisovieti ilikuwa imefungwa vilevile, na mwaka 1957 SAS, shirika la ndege la Skandinavia, lilianza kuruka toka Copenhagen hadi Tokyo kwa kupitia karibu na Ncha ya Kaskazini, likitua Anchorage, Alaska, kujaza mafuta.

Kuna na upepo. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi hupita mkondo mkali wa hewa utokao magharibi kwenda mashariki, na juu ya Japani huwa na nguvu mno. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima kwa maputo miaka ya 1920. (Matokeo yake aliyachapisha kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa inayojulikana na wachache, na nje ya Japani wachache sana waliyajali. Hilo hunisikitisha kila nikilikumbuka.) Kwenda, utasukumwa. Kurudi, usishangae ndege ikielekea mashariki tena, juu ya Pasifiki, Alaska na Greenland, ili isipigane na upepo huo. Hapo utakuwa umeizunguka dunia nzima.

Jambo dogo: muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa, si hewani tu.

Sasa linalonihangaisha zaidi. Wakati wa baridi Tokyo iko mbele ya London kwa saa 9. Majira ya joto kwa saa 8, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao na Wajapani hawasogezi. Ukiondoka Januari saa 3 asubuhi, mwili wako utafika ukijua ni saa 5 usiku, na nje kumekucha, saa 2 asubuhi ya kesho yake. Nakusihi usimwahidi mtu kikao siku hiyo. Waombe wakupangie siku ya pili, mchana, na hoteli uiulize mapema kama watakupa chumba asubuhi.

Ukishajua namba ya ndege nitumie, niifuatilie njia.

Mama yako akupendaye